Msoma Ramani wa Kaka Yake

Mtaani walimwita Mita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Alitoka asubuhi na tochi ndogo na chuma chenye ncha iliyopinda, akaingia nyua za watu, akafunua vifuniko vya saruji, akainama mpaka pua ikakaribia tope, na kusoma tarakimu kwa sauti hata kama hapakuwa na wa kumsikiliza. Mbwa wa mitaa ile walimjua wote, na waliokwisha kumuuma walikuwa wengi kuliko waliobaki. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, aliitwa Bati. Huyo alikuwa fundi wa bodi za magari. Gari likigongwa na kukunjamana, lilivutwa mpaka karakana yake, naye aliligonga nyundo kutwa nzima mpaka lirudi kuwa na sura ya gari.

Ndugu hao wawili walishindana mbio za magari pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Zilikuwa mbio za ridhaa, za watu wenye kazi zao: muuza dawa, mwalimu wa chuo cha ufundi, baba mmoja wa mashine ya kusaga na mkwewe. Mara chache kwa mwaka klabu yao iliomba kibali cha kufunga barabara fulani za vumbi, nao wakazikimbia kipande kwa kipande, kila kipande wakikiita hatua, kwa zamu, gari moja moja, wakishindana na saa. Zawadi ilikuwa kikombe cha bati na kupigwa picha.

Gari lao lilikuja kwa Bati likiwa mfu. Mwenye gari alikuwa amelipindua mtoni, akaja kuliangalia mara moja, akageuka na kusema hataki kulitia machoni tena. Bati alilivuta mpaka uani kwa mama yao, na kwa mwaka mzima ndugu hao walilijenga upya, mmoja akipiga, mwingine akishika taa. Mama akipita na beseni la nguo alisimama kuwatazama.

"Mimi nimezaa wawili," alisema. "Huyu wa tatu mwenye magurudumu nani kamleta? Na mbona ndiye anayekula kuliko wote?"

"Huyu ndiye atakayekutunza uzeeni, mama," Bati alimjibu kutoka chini ya gari.

"Ndiyo, nimeona. Hata kusimama hawezi."

Bati alishika usukani. Mita alikaa pembeni yake, kazi wanayoiita ya msoma ramani, ingawa ramani yenyewe haipo. Kinachosomwa ni daftari lililoandikwa kona zote za njia, kila kona na namba yake. Moja ni kona kali, ya kukurudisha ulikotoka. Sita ni karibu barabara imenyooka. Msoma ramani humsomea dereva kona kabla haijaonekana, kwa kipaza sauti kilichomo ndani ya helmeti, na dereva hukanyaga mafuta kwa kuamini tu. Mita alizaliwa kwa kazi hiyo. "Kulia tatu, mia moja, kushoto mbili, usikate, jiwe ndani." Sauti yake haikupanda wala kushuka hata gari linaporuka hewani. Bati alizoea kujigamba kwa wenzake, "Wengine mna macho. Mimi nina mdogo wangu."

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yao mizuri. Waliumaliza mwaka wa kwanza wakiwa wa mwisho, wa pili wakaharibikiwa gia kila mara, kisha polepole wakawa watu wa katikati, wa kumi, wa tisa, wa saba. Kila mmoja alioa. Watoto walizaliwa. Njiani kurudi nyumbani walibishana kuanzia kona ya kwanza mpaka ya mwisho, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyewachelewesha, na wakifika kwa mama walikuwa hawana sauti.

Mama yao aliugua moyo. Bati akamhamishia nyumbani kwake, na mkewe ndiye aliyemtunza. Wiki ya mashindano ya mlimani mama alikuwa na nafuu, amekaa kitandani na mto mgongoni, anakemea wajukuu. Wanawe walipoingia kumuaga, aliwafukuza.

"Nendeni, nendeni. Mnanijazia chumba."

Siku ile gari lilikwenda kuliko lilivyowahi kwenda. Mchana, walipoingia uwanja wa matengenezo ambako magari hupumzika na kurekebishwa, walikuwa wa tatu. Mita aliiangalia karatasi ya matokeo mara mbili, akacheka peke yake. Bati alikuwa amelala chini ya gari simu yake ilipoita. Akatoka, akaitazama, akaenda kuongea nyuma ya lori la mafuta. Aliporudi uso wake ulikuwa na maji, kama mtu aliyetoka kunawa.

"Nani?" Mita aliuliza.

"Mteja. Anataka gari lake."

"Leo?"

"Wateja unawajua. Funga mkanda, twende."

Walimaliza wakiwa wa tatu. Mpiga picha wa klabu aliwasimamisha juu ya boneti, na Mita, ambaye kwa kawaida hakupenda picha, alikinyanyua kikombe na kufungua kinywa chote kwa kicheko. Jua lilipokwisha kuzama, Bati aliitazama simu yake, kisha akamshika mkono, akamvuta pembeni, nyuma ya mahema.

"Mama ametutoka," alisema.

Mita hakuelewa. Bati akarudia. Kisha Mita akauliza ni saa ngapi, na Bati akasema ni mchana, kwamba shemeji yake alipopiga simu mama alikuwa amekwisha kufa. Ndipo Mita alipokumbuka lori la mafuta.

Walirudi usiku huo bila kubishana juu ya kona yoyote. Msibani, siku ya pili, mama yao mdogo aliketi karibu na Mita, akamshika goti, akaanza kumsimulia ili kumfariji. Alisema dada yake hakuteseka sana. Alizidiwa mchana, wakawapigia simu, na jioni jua likizama akaenda zake. Alikuwa akiuliza tu kama wanawe wamefika.

Mita alinyanyuka. Alimkuta kaka yake uani, anapanga viti vya watu.

"Alikuwa hai," alimwambia.

Bati alishikilia kiti. "Ni mwendo wa saa nne kutoka kule, mdogo wangu. Tusingewahi."

"Ungeniacha nichelewe mwenyewe."

"Ungelia. Na mbele yetu kulikuwa na bonde lile la kona kali. Ningekwambiaje?"

"Tungesimama! Gari linasimama, kaka. Lina breki."

Wote wawili walijua kwa nini Bati hakusimama. Walikuwa wa tatu, na hawakuwa wamewahi kuwa wa tatu maishani mwao. Mita alimtazama mpaka Bati akaweka kiti chini na kukikalia. Hilo ndilo neno "kaka" la mwisho kumtoka kinywani kwa muda mrefu.

Aliapa hataligusa tena gari lile. Picha yao ilitundikwa ukumbini kwenye klabu, na alijua imo, yeye anacheka na meno yote nje wakati mama yake anauliza kama amefika. Akawa hapiti hata barabara ya ukumbi huo. Wateja wake wa upande ule alibadilishana na msoma mita mwingine.

Msimu uliofuata Bati alimchukua muuza vipuri mmoja awe msoma ramani wake. Katika mbio za kwanza tu, wakapinduka. Bati alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Muuza vipuri alitoka na mchubuko wa kiwiko, lakini tangu siku hiyo hata baiskeli alipanda kwa mashaka. Mita alimkuta kwenye ukumbi wa hospitali.

"Ulimsomea nini?"

"Kushoto nne."

"Ile ni mbili."

"Nilifunua kurasa mbili kwa pamoja," yule bwana alisema, na akaanza kulia.

Mita aliingia wodini, akasimama upande wa miguu wa kitanda cha kaka yake. Bati alikuwa macho, amefungwa bendeji mpaka shingoni. Walitazamana. Kisha Mita akatoka. Lakini gari lilipokwisha kunyooshwa na mashindano mengine yakaja, alfajiri ya siku ile alitokea karakana na helmeti yake kwapani, akafungua mlango wa pembeni, akakaa.

Mkewe alikuwa amemuuliza nyumbani, "Kwa hiyo mmepatana?"

"Napanda gari tu."

"Mtu hapandi gari la mtu asiyepatana naye."

"Akikaa mwingine pale atamuua," alisema Mita, akaufunga mjadala.

Basi wakaendelea hivyo, mwaka baada ya mwaka. Ndani ya gari Mita alisoma kona, na Bati aliitikia "sawa". Nje ya gari hapakuwa na neno. Mwanzoni Bati alijaribu. "Leo kuna joto," angesema wakingojea zamu yao. Mita aliitazama saa. "Watoto hawajambo?" Mita alifuta kioo ambacho kilikuwa safi. Baadaye Bati naye akaacha. Kwenye shughuli za ukoo walikaa meza moja na kutumiana salamu kupitia kwa wake zao, mpaka mke wa Bati akachoka.

"Jamani, mimi nimekuwa posta?" alisema siku moja, jagi la maji mkononi. "Huyu hapa, na huyu hapa. Mnaweza hata kukanyagana."

Watoto walicheka. Wao hawakucheka. Na ajabu ni kwamba gari lilikwenda vizuri zaidi. Hapakuwa na neno la kupotezwa. Kule klabu watu walisema ndugu wale wanaelewana mpaka hawana haja ya kuongea, na vijana wapya waliambiwa waige mfano wao.

Hasira ya Mita ilikwisha, asijue ilikwisha lini. Siku moja aliitafuta ndani yake akaikosa. Kilichobaki ni mazoea. Alimkumbuka mama, aliumia, lakini akimtazama Bati aliona mtu mwenye mvi kwenye nyusi na mgongo unaoinama, basi. Alitaka kusema naye. Ila mtu uliyemnyamazia karibu miaka kumi unamwanzaje? Unamwambia habari za asubuhi? Aliahirisha mpaka mashindano yajayo, na yalipokuja akaahirisha tena.

Kisha Bati akaanza kuchelewa kwenye kona. Kwanza kidogo, breki ikija pale ambapo zamani ilikuwa imekwisha kuachwa. Mita alidhani ni uzee. Halafu siku moja alisoma, "Kushoto mbili, mtaro ndani, usikate," na Bati akaingia kona ile kama ni ya nne. Gari liliparuza ukingo wa udongo ubavu mzima, likayumba, likarudi njiani. Walipofika mwisho wa hatua ile Bati alivua helmeti.

"Hukusoma," alisema.

"Nimesoma." Hilo neno moja lilimtoka Mita kabla hajalizuia.

"Sikusikia kitu."

Hatua nyingine ilikuwa mbali kidogo. Ikabidi wasafiri kwenye barabara ya kawaida, polepole, helmeti zikiwa kichwani na nyaya zimeunganishwa. Mita alimtazama kaka yake kwa pembeni. Alikumbuka jinsi karakana ile ilivyokuwa, nyundo na chuma kutwa kucha miaka yote ile, bila hata pamba masikioni. Alikumbuka redio ya nyumbani kwa Bati ambayo siku hizi ilisikika mpaka barabarani. Akaleta kipaza sauti karibu na mdomo.

"Kulia tatu," alisoma kwa sauti yake ileile, ingawa barabara ilikuwa imenyooka kama rula. "Mia moja, ng'ombe watano wamevaa suti."

"Sawa," Bati alisema.

Kicheko kilimjia Mita, kikakwama.

"Kushoto nne," alisema. "Kaka, hasira iliniisha siku nyingi."

"Sawa."

"Nilitaka kukwambia tangu mwaka juzi. Nikaona aibu."

"Sawa," Bati alisema tena, macho yake mbele, akiitikia kama mtu anayeogopa kukosa zamu yake. "Sawa, sawa."

Mita aligeuza uso dirishani. Helmeti haina pa kufutia machozi. Yalishuka mpaka yakaingia kwenye mkanda wa kidevu.

Walipofika kwenye mstari wa kuanzia hatua ya mwisho, Mita alichomoa waya wa kipaza sauti chake, makusudi, Bati akimwona. Kisha aliinua mkono wa kulia mbele ya kioo, vidole vitatu. Akaushusha, akainua wa kushoto, vidole viwili. Akakunja ngumi: hiyo ni sita, barabara iko wazi. Bati alimtazama. Midomo yake ilianza kutetemeka, akauma wa chini ili uache. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na bendera ikashushwa.

Njia ile Mita aliijua kwa moyo, na hakufungua daftari. Kona baada ya kona aliinua mikono yake mbele ya kioo, naye Bati aliisoma kwa jicho moja na kwa la pili akatazama vumbi. Walikwenda kwa mwendo wa gari la maziwa. Ni gari moja tu lililokuja nyuma yao katika matokeo, nalo lilikuwa limepasuka tairi.

Mwisho wa njia Bati alizima injini na kubaki ameshika usukani.

"Umejua lini?" aliuliza kwa sauti kubwa mno. Watu waliokuwa nje waligeuka.

"Leo," Mita alisema, akiviringisha midomo ili isomeke.

"Mimi najua tangu mwaka juzi. Lilianza sikio la huku. Nikadhani ni nyaya za helmeti, nikazibadilisha zote."

"Mbona hukusema? Ungetuua!"

Bati aliitazama midomo yake mpaka akapata maana. Ilimchukua muda.

"Ningesema, wangenitoa kwenye gari," alisema. "Na sauti yako nilikuwa naipata humu tu."

Mita aliweka mkono kwenye bega la kaka yake, juu ya ule mtulinga uliounga vibaya, na wakakaa hivyo mpaka msimamizi wa njia akaja kugonga kioo, akiwaomba wasogee maana wanazuia wengine.

Hawakushindana tena. Gari walimpa yule mkwe wa baba wa mashine ya kusaga, aliyekuwa akilitamani siku zote. Masikio ya Bati yaliendelea kufa. Daktari alimpatia kifaa cha kusikilizia, lakini karakanani kila pigo la nyundo lilimwingia kichwani kama msumari, akakitia mfukoni na humo kikabaki.

Mita alianza kupita karakanani kila alipomaliza kazi. Alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akamtazama kaka yake akifanya kazi. Alichotaka kusema bado kilikuwa kifuani, maana kule garini alikisema kwa mtu asiyesikia, na hicho hakihesabiki. Lakini kuna maneno hayapigiwi kelele. Yanataka sauti ya chini, na Bati sauti ya chini hakuwa nayo tena duniani. Karakana ilijaa wateja, wapaka rangi, wapita njia wa kuomba maji. Ungelisema jambo lile kwa sauti ya kumfikia Bati, mtaa mzima ungelisikia.

Jumapili moja alimkuta peke yake, anasugua mlango wa gari kwa msasa. Aliona ni leo au basi. Akasimama mbele yake, akamshika mikono yote miwili ili aache kusugua.

"Nilikuwa na hasira nawe!" alipaza sauti. "Imekwisha! Hasira imekwisha!"

Bati alikunja uso. "Hasara?"

"Hasira!"

"Hasara gani? Lile gari?" Bati alitikisa kichwa. "Lile hatukupata hasara. Lilikuja bure, limeondoka bure."

Mita alifungua kinywa arudie, akashindwa. Bati aliuchukua msasa, akasugua mara moja, akasimama.

"Hasara yangu mimi ni mama," alisema, kwa sauti yake kubwa isiyojijua, iliyokwenda mpaka ukuta wa jirani na kurudi. "Alipiga mwenyewe, si shemeji yako. Sikukwambia hilo. Alishika simu mwenyewe akaniuliza, mnakuja? Nikamwambia, tunakuja mama, tumebakiza hatua mbili tu."

Alirudi kwenye mlango wake. Mita alibaki amesimama pale, na jambo hilo jipya likimwingia polepole. Alifikiri hasira itarudi, akaingojea. Haikurudi. Kilichokuja kilikuwa huzuni tu, na mara hii aliona kwamba kaka yake ameibeba iliyo nzito kuliko yake, miaka yote ile. Aliokota kipande kingine cha msasa, akainama upande wa pili wa mlango, wakasugua pamoja mpaka ukawa laini. Kama Bati aliwahi kuelewa kwamba amesamehewa, Mita hakupata kujua.

Msimu ulipofunguliwa tena, alikwenda peke yake kutazama. Alisimama juu ya kilima, kwenye kona ya mbili, kati ya watu waliojifunga vitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Kila gari lilipokaribia, midomo yake ilikwenda yenyewe, ikiwasomea madereva wasiomjua. Mwanamke aliyesimama jirani alimtazama akasogea pembeni kidogo na mtoto wake. Gari lao la zamani lilipita la sita, limepakwa rangi nyingine, linakata kona vibaya.

Hakungoja matokeo. Alimkuta Bati barazani kwake, amekaa na kikombe cha chai, anamngoja ingawa hakuwa ameambiwa.

"Haya," Bati alipaza sauti. "Nani na nani?"

Mita alivuta kiti, akakigeuza ili uso wake uwe kwenye mwanga. Kwa midomo na kwa mikono alimweleza yote: nani alitangulia, nani aliteleza, jinsi vumbi lilivyosimama njiani kwa kukosa upepo, na yule mkwe anavyowahi mno kukanyaga mafuta akitoka kwenye kona. Bati alifuata kila kidole, akicheka panapochekesha. Habari ya milio ya injini, Mita hakuigusa.